Somo la 8: Betri Iliyokaukiwa Maji

Mama mmoja ana duka kijijini. Taa za duka zinawaka kwa betri ya gari. Betri inachajiwa kwa paneli ya sola. Kidhibiti cha chaji kiliharibika. Mama akaunganisha nyaya za sola moja kwa moja kwenye betri. Kila mchana betri ilipata moto na kutokota. Sasa taa zinazimika mapema. Mama akamwita fundi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Betri imekauka. Nimenunua maji ya betri niijaze."

"Hebu soma chupa, mama."

Mama akasoma polepole: "Tin-di-ka-li."

"Usiitie! Kilichopungua ni maji. Tindikali bado imo ndani. Ukiongeza nyingine, itakuwa kali mno na kuharibu mabamba."

Kwa nini maji hupungua?

Betri ya volti 12 ina vyumba 6. Kila chumba kina mabamba ya risasi. Mabamba hayo yamezama katika maji yenye tindikali. Betri ikijaa na kuendelea kuchajiwa, umeme huyagawa maji yakawa hewa mbili: haidrojeni na oksijeni. Hewa hizo hutoka nje. Maji yakipungua sana, mabamba hubaki wazi na kuharibika. Haidrojeni ikikutana na moto, hulipuka.

Fanya hivi

1. Vaa miwani na glavu za mpira. Kaa penye hewa, mbali na moto na sigara.
2. Funika paneli kwa blanketi. Zima taa. Kisha ondoa nyaya, ukianza na ile ya hasi. Acha betri ipoe.
3. Tazama ganda. Kama limevimba au limepasuka, usiitumie tena. Betri isiyo na vifuniko vya kufungua, usiifungue.
4. Futa uchafu, kisha fungua vifuniko. Tia maji yasiyo na chumvi yanayouzwa kwa ajili ya betri. Yafunike mabamba tu. Usitie maji ya kisima wala ya bomba.
5. Chaji polepole. Betri iliyoandikwa 60Ah isipewe zaidi ya ampea 6. Ikipata moto, simamisha.
6. Betri ikijaa, ongeza maji mpaka kwenye alama.
7. Iache usiku mzima bila kuitumia, kisha ipime. Betri nzima huonyesha kama volti 12.6. Ikionyesha kama 10.5, huenda chumba kimoja kimekufa.

Asubuhi betri ya mama ilionyesha volti 12.4.

"Je, imepona?" akauliza mama.

"Itafanya kazi, lakini si kama zamani. Risasi iliyomomonyoka hairudi. Nunua kidhibiti kwanza, mama. Bila hicho itakauka tena."

Hatari

Tindikali ikiingia machoni, osha kwa maji mengi safi kwa dakika 15 au zaidi. Kisha nenda zahanati upesi. Risasi ni sumu. Betri mbovu isitupwe ovyo, na watoto wasiichezee.

Maswali

1. Kwa nini betri ya mama ilikauka?
2. Kusoma chupa kulimsaidiaje mama?
3. Kwa nini hatuvuti sigara karibu na betri inayochajiwa?
4. Je, nyumbani kwako kuna chupa isiyo na maandishi? Andika jina la kilichomo, uibandike.