Minara ya Babili na Mnara wa Rugomora Mahe

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kijana mmoja wa chuo chetu hapa Buhembe aliniuliza: "Maalim, ikiwa Firauni alilaumiwa kwa kutaka mnara, mbona sisi twachanga fedha kuujengea msikiti mnara?" Swali hili ni jema, na wako watu wazima walilonalo vifuani wasilitamke.

Jua, ewe ndugu, ya kuwa watu wa kale wa Babili na Ashuri, katika nchi iitwayo leo Iraki, walijenga minara ya ngazi: tabaka pana chini, na juu yake tabaka iliyo ndogo kuliko ile, hata kileleni iwepo nyumba ya mungu wao. Tumbo la mnara halikuwa na vyumba; lilikuwa matofali mabichi matupu, na nje matofali ya kuchoma yaliyoshikwa kwa lami. Mnara wa Uri, ulioanzwa na mfalme Ur-Nammu kiasi cha miaka 4,100 iliyopita, ungali na tabaka yake ya chini. Ama mnara wa Babili, ambao kila upande wa msingi wake ulipata mita 91, mahali pake leo ni shimo. Iskandari Mmakedonia alitaka kuujenga upya, kifusi kikaondolewa; naye akafa mwaka 323 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, asijenge kitu.

Wala usidhani habari hizi ziko mbali nasi. Katika Buhaya yetu, huko Katuruka upande wa Maruku, wazee husimulia kwamba Mukama Rugomora Mahe wa Kyamutwara aliwaamuru wahunzi wamsimamishie mnara wa chuma ufike mbinguni, ukaanguka. Katika miaka ya 1970 wachimbuzi wa mambo ya kale walifukua mahali hapo, wakakuta masazo ya kazi ya chuma yenye umri wa miaka zaidi ya 2,000. Ustadi wa wahunzi ulikuwa wa kweli. Kilichopotea ni makusudio.

Sasa jawabu. Firauni, kama ilivyo katika Suratul-Qasas, alimwamuru Hamana achome udongo amjengee mnara ili amchungulie Mungu wa Musa. Mnara wa msikiti haujengwi kumpandia Mungu, bali sauti ya adhana iwafikie watu. Bilali aliadhini juu ya nyumba ya mwanamke wa Bani Najjar, kwa kuwa ilikuwa ndefu kuliko zote kandokando ya msikiti. Na maulamaa wetu wa Kishafii wamesema ni sunna kuadhini mahali palipoinuka.

Lakini mnara unaojengwa ili kuushinda wa mtaa wa pili, na watoto wa chuoni wanavujiwa na mvua, huo, ndugu yangu, ni jamaa ya mnara wa Rugomora. Mja huwa karibu mno na Mola wake anaposujudu, uso wake u juu ya ardhi. Basi ezekeni chuo kwanza, kisha jengeni mnara.

Wallahu aalam.