Jumamosi Jioni Chuoni: Nani Anaandaa Meza?

Katika somo hili tunatazama jambo linaloonekana dogo: vijana wa chuo hufanya nini tangu Ijumaa jioni hadi Dominika usiku? Parokia zetu huwasindikiza vijana kwa sala na michango, kisha huulizia matokeo ya mitihani tu. Baadhi yao hufika hadi Marekani, katika vyuo vidogo ambako mwanafunzi husoma falsafa, sayansi, historia na sanaa kwa pamoja kabla ya kubobea. Vingi vya vyuo hivyo vina wanafunzi wapatao 2,000, na karibu wote hulala mabwenini. Wiki ya masomo huwa na ratiba. Jumamosi jioni haina ratiba, na hapo ndipo kijana aliye mbali na kwao hujua kama ana watu au hana.

Vyama vya udugu

Katika vyuo vingi vya Marekani kuna vyama vya udugu vya wanafunzi, vya wavulana na vya wasichana, vinavyojulikana kwa herufi za Kigiriki. Chuo cha Union, New York, kinakumbukwa kwa chama kilichoanza mwaka 1825, ambacho kilifuatwa na vingine vingi. Mara nyingi chama huwa na nyumba yake. Wanachama hula humo, wengine hulala humo, na sherehe za mwisho wa wiki hufanyika humo.

Tusivibeze vyama hivi. Mgeni hupata kaka au dada wa kumwonyesha njia, na swali la kwenda wapi jioni huwa limeshajibiwa. Lakini wanaoingia huchaguliwa. Palipo na waliochaguliwa pana walioachwa, na aliyeachwa husikia muziki akiwa chumbani kwake. Tena, katika baadhi ya nyumba hizo ulevi na kuwatesa wanachama wapya vimeleta majeraha, hata vifo.

Vyuo vilivyochagua njia nyingine

Vyuo kadhaa viliamua kuachana navyo. Williams kilianza kuviondoa mwaka 1962. Amherst kilivifuta mwaka 1984. Bowdoin kiliamua mwaka 1997, na kufikia mwaka 2000 vilikuwa vimekwisha. Vingine, kama Grinnell kilichoko Iowa, havikuwahi kuwa navyo.

Je, kufunga nyumba hizo kulitosha? Hapana. Ukiondoa mwenyeji mbaya bila kuweka mwenyeji mwema, nyumba haibaki tupu. Katika baadhi ya vyuo timu za michezo zilishika nafasi ile ile: wachezaji wana sherehe yao, na asiyecheza hana mwaliko. Kwingine unywaji ulihamia vyumbani. Nchini Marekani umri wa kununua pombe ni miaka 21, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huwa na miaka 18 hivi. Basi hunywa kwa kujificha, na penye kujificha hakuna mkubwa wa kusema, "Sasa inatosha."

Vyuo vilivyofaulu zaidi vilijiuliza: nani ataandaa meza? Bowdoin kilizigeuza nyumba za vyama kuwa nyumba za chuo, na kila bweni la mwaka wa kwanza likaunganishwa na mojawapo. Mwanafunzi hahitaji kupigiwa kura ili akaribishwe. Amekwisha kuwa wa humo. Williams huwaweka wageni katika vikundi vidogo, wakiishi pamoja na wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaowalea. Katika Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohane, Minnesota, wamonaki Wabenedikto huishi katika mabweni ya wanafunzi. Mlango wa mmonaki ukiwa wazi Jumamosi usiku, hiyo tayari ni katekesi.

Mfano mzuri kuliko yote uko Carleton, pia Minnesota. Mama mmoja aliyewahi kufanya kazi chuoni hapo, Dacie Moses, aliwafungulia wanafunzi nyumba yake kwa miaka mingi. Alipofariki mwaka 1981 aliiacha nyumba hiyo kwa chuo. Hadi leo jikoni huwekwa unga, mayai na sukari, na mwanafunzi yeyote anaweza kuingia akaoka biskuti. Dominika asubuhi chakula huandaliwa kwa yeyote atakayefika. Hakuna kadi wala orodha ya majina.

Mafundisho matatu

Kwanza, karibu ya kweli haisubiri kuombwa. Katika Injili ya Luka 14:12-14, Bwana anatufundisha kuwaalika wale wasioweza kutulipa. Mwanafunzi mwenye aibu hawezi kulipa kwa umaarufu wala kwa vichekesho. Hata hivyo anahitaji kiti.

Pili, karibu inahitaji mtu. Tangazo ukutani halimfuati mtu chumbani. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayebisha hodi na kusema, "Twende tukale," hufanya kazi ambayo ofisi haiwezi.

Tatu, kijana asibaki mgeni siku zote. Anayekanda unga kwa ajili ya wenzake huacha kuuliza kama anapendwa, kwa kuwa anahitajika. Wala tusidhani kwamba kila anayekaa peke yake ni mpweke. Yuko anayependa kusoma kitabu kwa utulivu, naye aachwe na uhuru wake. Tofauti ni hii: mtulivu anajua mlango ulipo na kwamba uko wazi, mpweke anaamini umefungwa.

Nasi seminarini na parokiani tunayo makundi ambayo hayajaandikwa popote: waliosoma shule moja, waliotoka jimbo moja, waimbaji, wacheza mpira. Hayana herufi za Kigiriki, lakini mgeni huyatambua siku ya kwanza.

Maswali ya kutafakari

1. Katika jumuiya yetu, mgeni akifika Jumamosi jioni, nani hasa atambishia hodi?
2. Ni kundi gani letu linalowafariji walio ndani na kuwaumiza walio nje?
3. Vijana wetu walioko vyuoni: ni lini mara ya mwisho tuliwauliza wanakula na nani, badala ya kuuliza wamepata alama ngapi?