SOMO: Tusitupe Damu Yetu

Hapa Nyeri tunang'oa terere, managu na thabai kama magugu, halafu tunaenda soko la Karatina kununua kabeji. Hasara hiyo! Mboga hizi zina madini ya chuma ya kujenga damu, na vitamini A ya kulinda macho. Mama mjamzito na mtoto wanazihitaji zaidi.

Tukumbuke:
1. Tuoshe kabla ya kukata.
2. Zisiive kupita kiasi. Thabai ikipikwa haiwashi tena.
3. Tutie mafuta kidogo na ndimu.
4. Chai ingoje saa moja baada ya chakula, maana huzuia chuma.

Aliyepungukiwa damu aende kliniki pia.

Tujadiliane: Wiki hii tumetupa mboga gani?