Hewa ya Usiku kwa Bwawa la Samaki Nyumbani

Ukitaka kujua hali halisi ya bwawa lako la samaki, nenda ukaliangalie saa kumi na moja alfajiri, kabla jua halijachomoza. Mchana mwani uliomo kwenye maji hutengeneza oksijeni, samaki huchangamka na mwenye bwawa huridhika. Usiku mwani huohuo huacha kutengeneza na kubaki ukitumia tu, pamoja na samaki, bakteria na uchafu unaooza chini. Ikifika alfajiri, akiba ni kidogo kuliko saa nyingine yoyote. Ukiwakuta samaki wamejaa juu, midomo imechungulia, usidhani wana njaa. Wanatafuta pumzi. Na usiwatupie chakula, kwa sababu kusaga chakula nako kunahitaji oksijeni.

Nafuga sato katika bwawa la saruji nyuma ya nyumba hapa Dar es Salaam. Lina urefu wa mita 4, upana mita 3 na kina mita 1, yaani lita 12,000 hivi. Nilitaka samaki wapumue vizuri, nami na wanangu tuwaone wakipita. Wafugaji wengi huamini huwezi kupata yote mawili: ukiweka mapovu, maji yanachafuka na uso wa bwawa unavurugika usione kitu. Hilo hutokea pale mapovu yanapowekwa katikati ya bwawa, tena chini kabisa kwenye tope.

Pwani tuna shida yetu ya joto. Maji baridi ya nyuzi 20 yanaweza kubeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita, lakini yakifika nyuzi 30 uwezo huo hushuka hadi 7.5 hivi. Kwa hiyo kuanzia Januari hadi Machi bwawa huanza usiku likiwa na akiba ndogo, na samaki, kwa kuwa wamepata joto, wanapumua zaidi. Sato ni mvumilivu, ila oksijeni ikiwa chini ya miligramu 3 kwa muda mrefu hudumaa na kushikwa na magonjwa kirahisi. Kambale huweza kupanda juu na kuvuta hewa moja kwa moja. Sato hana kiungo cha kufanya hivyo, kwa hiyo usimpimie kwa kipimo cha kambale.

Ukiweka mapovu, sehemu kubwa ya oksijeni huingia pale maji yanapokutana na hewa, juu kabisa. Kazi kubwa ya mapovu ni kuyapandisha maji ya chini ili nayo yafike juu yapate hewa. Ukishaelewa hivyo, huna haja ya kuchemsha bwawa zima. Mimi nimeweka mawe mawili ya hewa, yale yanayotoa mapovu, kwenye kona moja, karibu na chujio, juu ya tofali ili yasiguse sakafu na kuamsha uchafu. Kona ya pili, penye benchi letu, maji yametulia na samaki wanaonekana hadi mapezi. Pampu ninaiwasha jioni na kuizima jua likishapanda vizuri. Siku za mawingu mazito, hasa masika, haizimwi, maana mwani ukikosa jua hauna cha kuwekea akiba.

Unaponunua pampu ya hewa, muulize muuzaji inasukuma hewa hadi kina gani. Zile ndogo za matangi ya kioo mara nyingi hushindwa kufika mita moja chini. Iweke juu kuliko usawa wa maji, au ufunge valvu ya kuzuia maji kurudi, kwani umeme ukikatika maji hupanda kwenye mrija na kuingia kwenye mota. Nyaya zote zifungwe na fundi umeme anayejua kazi, kwa swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Watoto hucheza pale. Hapo usibane matumizi.

Chujio nalo lina mota yake, nayo haizimwi usiku wala mchana. Ndani ya pipa langu kuna kokoto na vipande vya nyavu, na juu yake wanaishi bakteria wanaogeuza amonia ya samaki kuwa kitu kisicho na madhara makubwa. Bakteria hao wanahitaji oksijeni kama samaki wenyewe. Maji yakisimama saa nyingi wanaanza kufa. Nilichagua mota ya kupitisha lita 6,000 kwa saa, ili bwawa lote lipite kwenye chujio kila baada ya saa mbili. Maji yanarudi kupitia bomba la plastiki lenye matundu, yakinyesha kutoka juu, na hapo yanaokota hewa bila gharama nyingine.

Kupima uangavu sitegemei macho matupu. Mwaka 1865 padri na mwanafalaki wa Italia, Angelo Secchi, alitumia sahani iliyozamishwa baharini kupima jicho linaona hadi wapi ndani ya maji. Mimi nimefunga kifuniko cheupe cha ndoo kwenye fimbo. Kikipotea kabla ya sentimita 20, mwani umezidi na alfajiri itakuwa mbaya. Hapo napunguza chakula, natandaza neti ya kivuli kwenye upande unaopigwa na jua la mchana, na kubadilisha sehemu ya maji. Maji ya bomba yenye klorini huwa nayaacha kwenye tangi siku moja au mbili kwanza. Ya kisima huwa na oksijeni kidogo, kwa hiyo yaache yaanguke kutoka juu. Ila ujue kwamba maji maangavu yana mwani mchache wa kutengeneza oksijeni mchana, na pia yangeyange na mdiria wanawaona samaki vizuri kama wewe. Neti ya juu ni lazima, na pampu pia.

Chakula ndicho kinachoharibu mabwawa mengi ya nyumbani. Toa kile kinachokwisha ndani ya dakika 5 hadi 10, na cha mwisho kiwe kabla jua halijaanza kushuka. Idadi nayo ina mpaka: nimeishia samaki watatu kwa kila mita ya mraba, ingawa wauzaji wa vifaranga watakushawishi uongeze.

Umeme ukikatika usiku, chota maji kwa ndoo uyamwage kutoka juu, tena na tena, hadi samaki washuke. Bora zaidi, nunua mapema pampu ndogo ya betri ya volti 12 na uijaribu wakati kila kitu kiko salama. Kama fedha yako inatosha kitu kimoja tu mwezi huu, anza na hiyo kabla ya kuongeza vifaranga.