Mbio za kuingia jeshini: Andaa akili pamoja na miguu

Kila mara Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) linapotangaza usajili wa makurutu, maelfu ya vijana hurauka kabla ya jua kuchomoza na kuelekea viwanjani wakiwa na vyeti mkononi. Huko hukaguliwa vyeti, kimo, uzani na afya, na pia hukimbizwa. Kwa kijana ambaye amehangaika bila kazi tangu amalize Kidato cha Nne, dakika chache za mbio hizo zaweza kuamua mengi. Si ajabu moyo kumdunda hata kabla kipenga hakijalia.

Wengi hujiandaa kwa kuzoeza miguu na mapafu. Hilo ni jambo jema, na hakuna mbinu ya akili inayoweza kuchukua nafasi ya mazoezi. Hata hivyo, wapo waliofanya mazoezi ya kutosha ambao huachwa nyuma siku hiyo. Aghalabu kinachowaponza ni woga, na madhara yake huanza katika dakika ya kwanza.

Woga hufanya nini mwilini?

Unapoogopa, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, pumzi hufupika, viganja hutoka jasho na tumbo husokota. Hali hii si ugonjwa, wala si dalili kwamba utashindwa. Ni mwili unaojitayarisha kwa kazi nzito.

Tatizo ni kwamba msisimko huo huficha uchovu. Kasi ambayo ingekulemea siku ya mazoezi huonekana nyepesi, hasa ukiona wenzako wote wametimka kama swara. Baada ya muda mfupi misuli huhitaji oksijeni zaidi ya ile inayoletwa na damu. Pumzi hukatika na miguu huwa mizito kama iliyofungiwa mawe. Hapo ndipo kijana mwenye nguvu zake husimama na kushika kiuno.

Zingatia mfano wa Paul Tergat, ambaye alikuwa mwanajeshi wa Jeshi la Wanahewa la Kenya. Alipovunja rekodi ya dunia ya marathoni mjini Berlin mwaka wa 2003 kwa saa 2, dakika 4 na sekunde 55, nusu ya kwanza aliikimbia kwa saa 1, dakika 3 na sekunde 1. Nusu ya pili aliimaliza kwa saa 1, dakika 1 na sekunde 54. Alihifadhi nguvu mwanzoni, akazitumia mwishoni. Mbio za makurutu ni fupi sana zikilinganishwa na marathoni, lakini funzo ni lile lile.

Kwa hivyo, zoeza akili yako kwa nyakati tatu.

1. Wakati wa kusubiri

Huenda ukasubiri kwa saa nyingi juani kabla ya kuitwa. Akili inayohangaika muda wote huo huchoka, na uchovu wake hufika miguuni. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2009, watu 16 waliendesha baiskeli ya mazoezi hadi wakashindwa kuendelea. Walipotanguliza dakika 90 za kazi ngumu ya kufikiri, walidumu kwa wastani wa sekunde 640. Siku ambayo hawakufanya kazi hiyo walidumu sekunde 754. Moyo na misuli yao haikuwa imedhoofika. Waliona tu kwamba kazi ni nzito zaidi.

Basi weka vyeti vyako tayari siku moja kabla. Lala mapema na uiweke simu mbali. Usisikilize uvumi wa foleni kuhusu nani amepangiwa nafasi. Akija mtu kukuahidi nafasi kwa pesa, huyo ni tapeli, kwani usajili wa KDF haulipishwi. Ukihisi moyo unaenda mbio, vuta pumzi polepole kwa puani ukihesabu hadi nne, kisha uitoe polepole zaidi ukihesabu hadi sita. Rudia mara kumi.

2. Dakika ya kwanza

Amua mapema kwamba utaanza kwa kasi unayoijua, hata wengine wakikupita. Lakini huwezi kuijua kasi yako kama hujawahi kuipima. Mwaka wa 1968 Dkt Kenneth Cooper, daktari katika Jeshi la Wanahewa la Marekani, alichapisha kipimo rahisi: kimbia kwa dakika 12, kisha pima umbali uliofika. Katika uwanja wenye mzunguko wa mita 400, mizunguko sita ni mita 2,400. Hiyo ni dakika mbili kwa kila mzunguko.

Jipime hivyo kila baada ya wiki mbili, ukiandika muda wa kila mzunguko. Ikiwa wa kwanza ndio wa haraka kupita yote na wa mwisho unatambaa, umejua kosa lako. Mtu anayeijua kasi yake hana haja ya kuwafuata wanaotimka.

3. Mwili unaposema "basi"

Katika kila mbio hufika wakati akili inapokusihi usimame. Usingoje siku ya usajili ndipo utafute la kuijibu. Katika utafiti mwingine, wa mwaka wa 2014, watu waliofunzwa kujisemesha maneno ya kujitia moyo walidumu kwenye baiskeli kwa wastani wa sekunde 751. Kabla ya mafunzo walikuwa wamedumu sekunde 637.

Chagua maneno mawili au matatu yako mwenyewe, mafupi, kama vile "Bado nina nguvu" au "Hadi ile kona." Yatumie kila siku katika mazoezi ili yakujie bila kutafutwa. Gawanya umbali pia. Usifikirie mizunguko yote iliyobaki. Fikiria mlingoti ulio mbele yako, kisha unaofuata.

Tahadhari

Kujikaza si kupuuza hatari. Kuumwa na miguu na kuhema ni mambo ya kawaida. Lakini maumivu ya kifua, kizunguzungu, kuona giza au kuchanganyikiwa kwenye jua kali ni ishara ya kusimama mara moja na kuomba msaada. Mwenye pumu, ugonjwa wa moyo au aliyewahi kuzirai akikimbia amwone daktari kabla ya kuanza mazoezi. Usimeze dawa za maumivu wala vinywaji vya kuchangamsha ili ujipe nguvu. Baadhi ya dawa hizo zaweza kudhuru figo za mtu anayekimbia kwenye joto akiwa amepungukiwa na maji.

Kwa mzazi

Kijana anayeambiwa kwamba jamaa nzima inamtegemea yeye huenda uwanjani akiwa na mzigo mwingine mgongoni. Mkumbushe mazoezi aliyofanya, mpe chakula chepesi saa mbili au tatu kabla ya mbio, na mwambie kwamba atapokewa nyumbani kwa vyovyote vile. Anayeshindwa leo angali na umri unaokubalika anaweza kurudi usajili mwingine.

Zoezi la wiki hii

Jaribu kipimo cha dakika 12 mara moja, asubuhi, ukiwa na wenzako watatu au wanne. Waache watimke. Wewe shika kasi yako, kisha ujijibu: katika mzunguko wa mwisho, ni wangapi kati yao walikuwa bado mbele yako?