USIUZE ROHO YAKO KWA BUTURA
Somo: Matendo 8:9-24

Kijana mwenzangu, umeshaona mazingaombwe yakija Kayanga au Nkwenda? Mtu anatoa noti kwenye sikio la mtoto, watu hoi! Onyesho likiisha, kijana anazunguka nyuma ya turubai: "Mzee, nipe na mimi dawa ya pesa." Mapatano yanaanzia hapo.

Jiulize: kama anaumba noti, mbona mlangoni alikutoza kiingilio?

1. SIMONI alishangaza Samaria yote kwa uchawi. Akataka kununua nguvu za Mungu kwa fedha. Petro akamkemea, akamwambia atubu. Nguvu za Mungu hazina bei.

2. SHETANI ana masharti. Alimwonyesha Yesu fahari yote ya dunia, lakini asujudiwe kwanza! Yesu akakataa (Mathayo 4:8-10).

3. MASHARTI HUONGEZEKA. Leo kuku, kesho damu ya mtu. Ni uongo kwamba viungo vya mwenye ualbino huleta utajiri, lakini watu wameuawa kwa uongo huo. Mwaka 2024, hapahapa Kagera, wilayani Muleba, mtoto mdogo mwenye ualbino aliuawa.

Unaijua butura: kahawa ingali mtini unaiuza kwa bei ya kutupa, mavuno anachuma mwingine. Ndivyo ilivyo roho iliyouzwa.

Je, una hirizi kiunoni? Waefeso hawakuuza vitabu vyao vya uchawi vya thamani ya vipande 50,000 vya fedha. Walivichoma (Matendo 19:19). Nawe itoe leo. Usiogope, Yesu amekwisha kulipa. Njoo!