SOMO LA 14: MKUBWA WA KAZI ASIPOKUSIKILIZA

Mwanamke anapokwenda kazini anakwenda kutoa jasho lake ili apate haki yake. Haendi kutukanwa. Hata hivyo, wako wanaume wanaomdharau mwenzao kwa sababu tu ni mwanamke. Tena wako wakubwa wa kazi ambao wakielezwa hucheka. Ufanye nini hapo? Soma habari hii.

Mama mmoja alifanya kazi katika shamba la mkonge, mkoani Tanga. Kazi yake ilikuwa kuanika nyuzi kwenye waya. Wenzake walimchagua awe kiongozi wa kundi lao. Mwanamume mmoja wa kundi hilo hakupenda.

"Siamrishwi na mwanamke," alisema. "Kazi yenu ni kupika na kulea."

Kila asubuhi alirudia maneno hayo. Kisha akaanza kuutaja mwili wa yule mama mbele za watu. Wengine walicheka. Wengine waliinamisha vichwa.

Mama alikwenda kwa nyapara. Nyapara akamwambia, "Vumilia, mama. Ndivyo walivyo wanaume." Akaenda kwa meneja. Meneja akasema, "Hayo ni maneno ya mdomo. Mimi nitayashika wapi? Rudi kazini."

Jioni ile mama alifika darasani akakaa kimya. Tulipomwuliza, alieleza yote. Alikuwa amekwisha kuamua kuacha kazi. Mzee mmoja, mwanafunzi mwenzake, akamwambia, "Mwanangu, meneja hataki maneno ya mdomo. Basi mpelekee ya karatasi."

Mama alifungua daftari lake. Akaandika: "Jumatatu, tarehe 4. Saa 2 asubuhi. Penye waya. Amesema siamrishwi na mwanamke. Watu wawili wamesikia." Herufi nyingine zilipinda, lakini zilisomeka.

Aliandika hivyo kwa majuma mawili. Kisha akaandika barua kwa meneja, nakala mbili. Karani alipokea moja. Ile ya pili aliigonga mhuri, akatia sahihi na tarehe, akamrudishia mama. Meneja hakujibu.

Mama alikwenda kwenye tawi la chama cha wafanyakazi. Katibu wa tawi alimsaidia kupeleka shauri kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku ya kukutana, meneja alisema, "Mimi sikuelezwa jambo hili." Mama akaitoa ile nakala yenye mhuri. Meneja akanyamaza.

Walipatana kwa maandishi. Yule mwanamume alipewa onyo, akahamishwa kundi. Mpaka leo hamsalimii mama. Lakini hamtukani tena, na mama anaendelea na kazi yake.

SHERIA INASEMA NINI?

Tanzania inayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004. Kifungu cha 7 kinakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya jinsi yake, mimba au ndoa. Kumnyanyasa mtu kwa sababu hizo ni ubaguzi pia. Mfanyakazi akionyesha dalili za kutosha kwamba mwajiri amembagua, ni kazi ya mwajiri kuthibitisha kwamba hakufanya hivyo. Tena si halali kumfukuza mtu kwa sababu ametumia haki yake ya kisheria.

MAMBO YA KUFANYA

1. Mwambie mhusika waziwazi kwamba hupendi maneno yake. Usimtukane.
2. Andika siku ileile: tarehe, saa, mahali, maneno yaliyosemwa na majina ya waliosikia. Daftari likae nyumbani, si kazini.
3. Mwandikie mkubwa wa kazi barua. Baki na nakala iliyotiwa sahihi na tarehe.
4. Asipofanya kitu, nenda kwenye chama cha wafanyakazi.
5. Nenda kwenye Tume mapema. Shauri la namna hii hupelekwa katika siku 60 tangu jambo lilipotokea. Ukifukuzwa kazi, una siku 30 tu. Usizimalize siku hizo ukimngoja meneja akujibu.
6. Mtu akikushika kwa nguvu au akitaka mwili wako, usingoje barua. Nenda polisi, uulize Dawati la Jinsia na Watoto.

Nawe mwanamume unayesoma somo hili, ukisikia mwenzako anamtukana mwanamke, usicheke. Ukiitwa kuwa shahidi, nenda ukaseme kweli. Dada yako, mkeo au binti yako naye yuko kazini mahali fulani.

Ndugu msomaji, ulijifunza kuandika kwa taabu. Maneno yasemwayo mtu anaweza kuyakana. Yaliyoandikwa yenye tarehe ni vigumu kuyakana. Kalamu yako isikae bure.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini meneja alinyamaza alipoona nakala ya barua?
2. Waliocheka penye waya walifanya kosa gani?
3. Kama mama angeacha kazi, nani angefaidika? Nani angepata hasara?

ZOEZI

Andika mistari mitano kuhusu jambo uliloliona jana. Taja tarehe, saa, mahali na watu waliokuwapo. Msomee mwenzako. Je, ameelewa yote bila kukuuliza?